Heri ya Mwaka Mpya kwa Mtumishi wa Kijiji

Mwaka mpya umeingia, na kama ilivyo desturi, salamu za heri zimetapakaa kila upande. Waheshimiwa wamesalimiwa, matajiri wamesalimiwa, makampuni yamewasalimu wateja wao na wateja wameitikia. Si vibaya watu kusalimiana. Lakini mwenye kuzitazama salamu hizo kwa makini ataona kuwa nyingi hupanda juu kama moshi, na chache mno huteremka kwa mtendaji wa kijiji, kwa muuguzi wa zahanati, kwa mwalimu wa darasa la kwanza, au kwa bwana mifugo ambaye siku ya mkesha alikuwa zizini akimsaidia ng'ombe wa jirani kuzaa. Leo twataka kuugeuza mkondo huo. Salamu zetu za mwaka mpya twazielekeza Matongo, katika Wilaya ya Tarime, Mkoa wa Mara, kwa watumishi wa umma wa kata hiyo na kwa wananchi wanaotumikiwa nao.

Huenda msomaji aliyeko Dar es Salaam au Tanga akauliza: kwa nini Matongo? Twamjibu kuwa Matongo ni sehemu ya Nyamongo, nchi ya dhahabu. Mgodi wa North Mara, ulioanza kuzalisha dhahabu mwaka 2002, uko huko, yapata kilomita 100 mashariki ya Ziwa Victoria na kilomita 20 kusini ya mpaka wa Kenya. Upande wa kusini unapita Mto Mara, ambao huanzia katika nyanda za juu za Mau nchini Kenya, ukakatiza mbuga za wanyama, ukatenganisha Tarime na Serengeti, kisha ukamwaga maji yake ziwani. Wakazi wake wengi ni Wakuria, watu wa jembe na ng'ombe, na pamoja nao wako watu wa makabila mengi waliokuja kutafuta riziki. Dunia imelisikia jina la Nyamongo kwa ajili ya dhahabu, na imelisikia tena kwa ajili ya ugomvi juu ya dhahabu hiyo. Ni mara chache sana dunia imeambiwa habari za mtu anayeamka alfajiri mahali hapo kwenda kufungua mlango wa zahanati.

Habari za mwaka mpya katika sehemu kama hiyo si habari za fataki na karamu tu. Januari ni mwezi wa kazi. Wazazi wanawaandikisha watoto darasa la kwanza, na wale waliofaulu mtihani wa darasa la saba wanatafutiwa sare, madaftari na viatu ili waingie kidato cha kwanza. Ndugu waliokuja kwa Krismasi kutoka mijini wanafunga mizigo. Na katika miaka ya msimu wa mila wako wasichana wanaorejea nyumbani kutoka katika vituo walimokimbilia mwezi wa Desemba ili wasikeketwe. Katika kila jambo la hayo yupo mtumishi wa umma: mmoja anaandika jina la mtoto katika daftari la shule, mwingine anasuluhisha kesi ya mpaka wa shamba, mwingine anamrudisha msichana kwa wazazi wake huku akijua kwamba hatapokewa kwa vigelegele.

Yafaa kwanza tumtambue mtumishi huyu ni nani. Mtendaji wa kata na mtendaji wa kijiji ni waajiriwa, na kazi yao ni kusimamia shughuli za serikali pale mahali. Wapo walimu, waganga na wauguzi. Wapo bwana shamba, bwana mifugo na ofisa wa maendeleo ya jamii. Yupo polisi wa kata. Pamoja nao wamo wale ambao hawana mshahara wa mwisho wa mwezi, lakini bila wao mwenye mshahara asingejua hata njia ya kupita: mwenyekiti wa kijiji, wenyeviti wa vitongoji, wajumbe wa halmashauri ya kijiji, na wahudumu wa afya wanaotembea nyumba kwa nyumba. Wenyeviti hao walichaguliwa na wananchi katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27 Novemba 2024. Mwananchi anapogombana na mkewe usiku wa manane, hagongi mlango wa waziri. Hugonga mlango wa mwenyekiti wa kitongoji, naye huamka.

Yapasa pia tukumbuke kuwa mtumishi wa namna hii hakuwapo sikuzote. Wakati wa ukoloni, sehemu hii ikiitwa Wilaya ya North Mara, mtumishi wa serikali alikuwa mtumishi wa Bwana Shauri. Kodi aliyokusanya ilikuwa ya mtawala, amri aliyoisoma mbele ya watu iliandikwa mahali ambapo watu hao hawakuulizwa neno, na chifu alilipwa mshahara ili watu wake watii. Mwananchi alipomwona karani akija, alificha mbuzi. Uhuru ulipopatikana mwaka 1961 hali ilianza kubadilika, na mwaka 1963 madaraka ya machifu ya kiserikali yalifutwa. Haikuwa njia iliyonyooka. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zenyewe zilivunjwa, na ilibidi kutungwa sheria mpya mwaka 1982 ili zirudishwe. Lakini katika safari hiyo yote jambo moja lilithibitika: mtumishi wa kijiji ni wa wananchi, na wananchi ndio wenye haki ya kumpongeza na kumkemea. Mtu asiyekuwa na haki ya kumkemea mtumishi hawezi kumshukuru, maana shukrani ya mtu mwenye hofu ni hofu tu iliyovaa nguo ya sikukuu.

Wapo watakaosema: "Mbona analipwa? Kwa nini tumshukuru mtu kwa kazi aliyoajiriwa?" Hoja hiyo haitupwi ovyo. Ni kweli mshahara hutoka katika kodi ya mkulima na mfanyakazi, na kazi iliyolipiwa ni deni. Lakini ndugu zetu wafanyakazi wanaosoma ukurasa huu wanajua vizuri kuliko mtu yeyote kuwa mshahara hununua saa za mtu, na haununui moyo wake. Muuguzi wa kijijini analipwa kwa zamu yake. Hakuna fungu la mshahara linaloandikwa "kuamshwa saa nane usiku mvua ikinyesha, akaenda na kurunzi." Mwalimu analipwa kufundisha. Hakuna fungu la kumfuata mtoto mtoro hadi mgodini, katika vifusi vya mawe, akamrudisha darasani. Tofauti baina ya kazi iliyoandikwa na kazi iliyotendwa ndiyo tunayoitolea shukrani.

Tena matunda ya kazi hiyo si ya kubahatisha. Takwimu za taifa za mwaka 2022 zilionyesha kuwa vifo vya mama kwa ajili ya uzazi vilikuwa 104 katika kila vizazi hai 100,000, ambapo uchunguzi wa 2015 hadi 2016 ulikuwa umeonyesha 556. Dawa zilisaidia, na majengo yalisaidia. Lakini dawa haijipeleki katika mshipa wa mgonjwa, na jengo halipokei mtoto. Nyuma ya tarakimu hizo kuna maelfu ya wakunga na wauguzi, wengi wao katika zahanati ndogo ambazo hazina hata mahali pa kupumzika. Vivyo hivyo kwa shule. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2002. Tangu Januari 2016 elimu imekuwa bila ada hadi kidato cha nne, na tangu 2022 hadi kidato cha sita. Watoto walimiminika shuleni, na aliyewapokea ni mwalimu, mara nyingi yule yule mmoja, katika darasa lile lile, na wanafunzi wakiwa wengi kuliko madawati.

Watu wa Mara wana sababu zaidi ya kuheshimu kazi ya ualimu. Mkoa huu ndio alikozaliwa Julius Nyerere, katika kijiji cha Butiama, na ndiko alikoanza shule mwaka 1934, pale Mwisenge mjini Musoma. Taifa zima lilimpa majina mengi ya heshima, lakini aliloitwa mpaka kufa kwake mwaka 1999 lilikuwa Mwalimu. Ni mjini Musoma, Novemba 1974, palipokatwa shauri la kuharakisha elimu ya msingi kwa watoto wote. Kama katika mkoa huo mwalimu wa kijijini atakosa hata mtu wa kumwambia ahsante, basi tumesahau tulikotoka.

Sasa tuje katika jambo zito, ambalo kwalo hasa tumeshika kalamu.

Katika nchi ya Wakuria, msimu wa tohara huja Desemba, wakati wa likizo za shule, na kwa kawaida huwa katika miaka inayogawika kwa mbili. Siku hupangwa na wazee wa mila. Kuwatahiri wavulana hakuna ubishi nako. Lakini wasichana nao hukeketwa, na jambo hilo ni kosa: sheria ya mwaka 1998 ilikataza kumkeketa msichana mwenye umri chini ya miaka 18, na adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka 15. Pamoja na sheria hiyo, uchunguzi wa 2015 hadi 2016 ulionyesha kuwa, nchini kote, mwanamke mmoja katika kila kumi wenye umri wa miaka 15 hadi 49 alikuwa amekeketwa, na katika Mkoa wa Mara walikuwa 32 katika kila 100. Hali imepungua tangu wakati huo, lakini haijaisha.

Ndiyo maana pakawa na vituo vya kuwapokea wasichana, kama kile cha Masanga wilayani Tarime na kile cha Mugumu wilayani Serengeti. Msichana hutoroka nyumbani Desemba, mara nyingine usiku na kwa miguu, akakaa kituoni mpaka msimu upite. Ikifika Januari inabidi arejee kwao, na arejee shule. Nani amsindikize? Nani azungumze na baba yake? Nani aandike makubaliano na kufuatilia kama yametimizwa? Ni ofisa wa ustawi wa jamii, ni mtendaji wa kata, ni mwalimu, ni polisi wa dawati la jinsia na watoto.

Tunaomba msomaji afikiri kidogo juu ya hali ya mtendaji huyo. Yeye haishi Dodoma. Anaishi hapo hapo. Maziwa ananunua kwa jirani ambaye binti yake amekatazwa kukeketwa kwa ushahidi wake. Mke wake huchota maji katika kisima kimoja na shangazi za msichana huyo. Mara nyingine yeye mwenyewe ni Mkuria wa ukoo ule ule, na wazee wanaomlaumu ndio waliomsimamia siku ya ndoa yake. Akinyamaza, ataitwa mtu mwema, atakaribishwa kila karamu, na hakuna atakayejua kosa lake isipokuwa mtoto mmoja aliyeumizwa. Akisema, ataitwa msaliti wa mila. Hapo ndipo penye utumishi wa kweli, na hapo ndipo anapoachwa peke yake.

Kwa hiyo twasema wazi: wananchi wa Matongo, na wa kata zote za jirani, wakitaka kumshukuru mtumishi wa namna hiyo, shukrani ya kwanza ni kumwondolea upweke. Mzee mmoja mwenye heshima akisimama katika mkutano na kusema, "Kijana huyu alitenda haki, na mimi niko upande wake," amempa mtendaji zawadi iliyo kubwa kuliko ng'ombe. Wakuria wana mkutano wao wa jadi, iritongo, ambao tangu zamani ulikusanya watu wa mahali pamoja kuzungumza juu ya usalama wao na kumkabili mwizi wa mifugo. Mkutano ulioweza kuwalinda ng'ombe hauwezi kushindwa kuwalinda mabinti. Mila ni mali ya watu, nao wana haki ya kuchagua ipi waichukue kwenda mbele na ipi waiache njiani.

Juu ya polisi nao hatuna budi kusema kweli. Katika sehemu ya Tarime kazi yao ni ngumu: wizi wa mifugo unaovuka mpaka, magomvi ya koo, na watu wanaovamia mgodi kutafuta mawe ya dhahabu. Askari anayeilala njia usiku kucha ili kuirudisha mifugo ya maskini anastahili shukrani, naye apewe. Lakini historia ya Nyamongo ina majonzi pia. Mwezi wa Mei 2011 watu kadhaa waliuawa kwa risasi za polisi mgodini, na misiba ya namna hiyo haikuwa mmoja tu. Hatuwezi kuandika salamu za pongezi kana kwamba mambo hayo hayakutokea. Askari mwema havunjiwi heshima makosa yanapotajwa. Anayevunjiwa heshima ni askari mwema anayechanganywa pamoja na mbaya kwa sababu watu walikatazwa kusema. Mwaka mpya uwe wa polisi na raia kujuana kwa majina, na kwa aliyeumia kupata haki yake bila kuzungushwa.

Jambo jingine ni fedha. Matongo na vijiji vya jirani vinakaa juu ya utajiri. Sheria ya madini, kama ilivyorekebishwa mwaka 2017, inamtaka mwenye mgodi atengeneze kila mwaka mpango wa kuisaidia jamii inayomzunguka, akubaliane juu yake na halmashauri. Upo pia ushuru wa huduma unaotozwa juu ya mapato, ambao ni wa halmashauri. Na tangu makubaliano ya mwaka 2020 Serikali ina hisa za asilimia 16 katika kampuni zinazoendesha migodi ya Barrick nchini, North Mara ukiwa mmojawapo. Maana yake ni kwamba dhahabu inayotoka chini ya miguu ya wananchi hugeuka kuwa fedha za umma, nazo fedha hizo hupitia katika mikono ya watumishi: wapimaji, wahasibu, watendaji, wenyeviti na madiwani.

Hapa shukrani yahitaji macho. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mtumishi anayesimamia ujenzi wa darasa kwa fedha za mgodi, akahesabu mifuko ya saruji mmoja mmoja na kuyabandika mahesabu ukutani, huyo asifiwe kwa sauti. Lakini asifiwe kwa sababu mahesabu yameonekana, isiwe kwa sababu ni mcheshi, au ni mtu wa kwetu, au alinunua soda siku ya mkutano. Sheria ya nchi imempa mwananchi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi mahali pake pa kuuliza, nao ni mkutano mkuu wa kijiji, ambao hupaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Huko husomwa mapato na matumizi. Mikutano mingi nchini huahirishwa kwa kuwa watu hawakutimia, kisha watu wale wale wasiokwenda hulalamika kilabuni kuwa wameibiwa. Mwananchi wa namna hiyo si mdhulumiwa peke yake. Amekuwa msaidizi wa mwizi bila kulipwa.

Sasa tufike kwenye desturi ya zawadi za mwaka mpya. Mtu hupeleka kuku kwa mganga, mbuzi kwa mtendaji, debe la mahindi kwa mwalimu. Atasema, "Mkono mtupu haulambwi, na mgeni wetu hawezi kuondoka hivi hivi." Moyo wa kutoa ni mzuri, na ukarimu wa Wakuria unajulikana. Lakini tuwe waangalifu. Tuseme mama mmoja amejifungua salama, akapeleka kuku kwa muuguzi. Wiki ijayo mama mwingine, mjane asiye na kuku, atakuja kujifungua. Je, atakuja bila wasiwasi? Au atakopa kuku kwanza? Muuguzi mwenyewe huenda hakuwaza lolote, lakini tayari njia ya mjane imewekewa kizingiti. Hivyo ndivyo zawadi inavyogeuka ada, na ada ikageuka rushwa, bila mtu yeyote kukaa chini na kuamua kutenda ubaya.

Taifa letu limepitia somo hili. Palikuwa na wakati ambapo wagombea waliruhusiwa kuwakirimu wapiga kura, na jambo hilo likaitwa takrima, neno zuri la heshima. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilisema kuwa takrima hiyo ni kinyume cha Katiba, kwa maana mwenye nacho na asiye nacho hawakuwa tena sawa mbele ya wapiga kura. Mwaka 2007 ikapitishwa sheria mpya ya kuzuia na kupambana na rushwa. Kama taifa lilitambua kuwa pilau ya mgombea humwonea mgombea maskini, kijiji nacho kitambue kuwa kuku wa zahanati humwonea mgonjwa maskini.

Basi tufanye nini? Je, tumwache mtumishi bila kitu? La, hasha. Twataka shukrani iwe ya wote, ya wazi, na yenye kumsaidia kufanya kazi yake vizuri zaidi. Kijiji kikiamua katika mkutano wake kuchimba msingi, kusomba mchanga na kufyatua tofali ili muuguzi apate nyumba karibu na zahanati, hiyo ni shukrani. Haimpendelei mtoaji kuliko jirani yake, na muuguzi yule akihamishwa nyumba itabaki kwa atakayekuja. Wazazi wakikubaliana kuhakikisha kuwa kila mtoto wa kijiji amefika shuleni katika wiki ya kwanza ya muhula, mwalimu atafurahi kuliko kupewa debe la mahindi. Mkutano ukiandika katika muhtasari wake kuwa mtendaji fulani ametimiza kazi yake kwa uaminifu, na nakala ikapelekwa kwa mkurugenzi wa halmashauri, karatasi hiyo itamsaidia siku ya kupandishwa cheo, na itawatia moyo wenzake. Mambo hayo hayahitaji dhahabu. Yanahitaji watu kukaa pamoja saa mbili.

Kwa watumishi wenyewe tunayo maneno machache. Ndugu zetu, tunajua kuwa wengi wenu mlipangiwa kazi mbali na kwenu, mkafika mahali ambapo hamkujua lugha ya wazee, na nyumba ya kupanga haikupatikana kwa urahisi. Tunajua kuwa katika sehemu ya mgodi bei za vitu hupanda, na mshahara wa mwalimu haupandi pamoja nazo. Hayo ni madai ya haki, nanyi mna vyama vyenu vya wafanyakazi vya kuyasemea. Lakini msimgeuze mwananchi awe mlipaji wa deni ambalo si lake. Mama aliyetembea na mtoto mgonjwa mgongoni hakupunguza mshahara wenu. Akikuta mlango umefungwa saa tatu ya asubuhi, akaambiwa "njoo kesho" na mtu anayekunywa chai, siku hiyo kwake hakuna serikali, hakuna Uhuru, hakuna Katiba. Kuna mlango tu. Cheo ni dhamana, na dhamana hudaiwa.

Na kwa wale walio juu yao, wa wilaya, wa mkoa na wa taifa, twasema kuwa pongezi za hotuba hazitoshi. Mtendaji aliyesimama kumlinda msichana asihamishwe kimya kimya kwa sababu ya manung'uniko ya watu wakubwa, alindwe. Mwenyekiti wa kijiji asiye na mshahara asitumwe kila siku kama tarishi kwenda wilayani kwa nauli yake mwenyewe. Zahanati iliyojengwa ipelekewe muuguzi, na muuguzi aliyepelekwa apewe dawa na vifaa, asije akabaki kuwa mtu wa kuwaeleza wagonjwa kwa nini hakuna dawa. Kumpa mtu kazi bila zana, kisha kumsifu kwa uvumilivu wake, ni kumdhihaki.

Adui zetu wa tangu mwaka 1961, ujinga, umaskini na maradhi, hawajaondoka Nyamongo kwa kuwa dhahabu imepatikana. Dhahabu yaweza kuondoka katika nchi na kuwaacha adui hao watatu wamekaa pale pale. Watakaowafukuza ni watu wa kawaida katika kazi za kawaida: mwenye chaki, mwenye sindano, mwenye daftari la kijiji, mwenye chanjo ya ndama. Nao hawawezi kuifanya kazi hiyo peke yao, kama mkulima asivyoweza kupalilia shamba la kijiji kizima.

Kwa hiyo, katika Januari hii, twawatakia heri watumishi wote wa Matongo, wenye mshahara na wasio na mshahara. Twawatakia heri wasichana wanaorudi shule. Kiti cha kila mmoja wao darasani kisikae wazi. Na kwa wananchi tunatoa ombi moja dogo, ambalo halitamgharimu mtu hata kuku: mkutano mkuu wa kijiji utakapoitishwa, nendeni. Kaeni mbele. Mtumishi mwema mumtaje kwa jina lake na kwa kazi aliyoitenda, na mtumishi mzembe mumwulize mbele ya watu. Hizo ndizo salamu za mwaka mpya zinazomfaa mtumishi wa watu huru.

Heri ya Mwaka Mpya.